Shamba la Naboti na Pori la Leta

Katika Kitabu cha Wafalme mna habari ya mtu mmoja jina lake Naboti. Alikuwa na shamba la mizabibu karibu na nyumba ya mfalme Ahabu. Mfalme akalitamani shamba lile, akataka kulifanya bustani yake ya mboga. Akaahidi kumpa Naboti shamba jingine zuri zaidi, au fedha. Naboti akakataa, maana lilikuwa urithi wa babu zake. Mfalme akarudi nyumbani amenuna, akalala bila kula. Ndipo mkewe Yezebeli alipoandika barua, akazitia muhuri wa mfalme, akazipeleka kwa wakubwa wa mji. Wakaletwa mashahidi wawili wa uwongo, Naboti akapigwa mawe, akafa. Shamba likawa la mfalme.

Angalieni vizuri jambo moja. Shamba lile halikuchukuliwa usiku na wevi. Lilichukuliwa mchana, mbele ya wazee, kwa barua na kwa muhuri wa Serikali. Kila kitu kilikuwa na karatasi yake. Na hata hivyo Mungu alimtuma nabii Eliya amwambie mfalme ya kuwa ameua na amenyang'anya.

Tumeikumbuka habari hiyo kwa sababu ya neno linalosemwa sana hapa Kisangani, sokoni, kwenye kivuko, hata mbele ya kanisa baada ya Misa. Neno lenyewe ni hili: "Pori ni la Leta." Mtu akiuliza kwa nini kijiji cha mama yake kimekatazwa kukanyaga msitu fulani, hujibiwa: "Pori ni la Leta," na mazungumzo yamekwisha. Katika ukurasa huu twataka kulipima neno hilo. Twasema wazi tangu mwanzo: Leta ni wakili wa pori, siye mwenyewe. Na kazi ya wakili ni kutoa hesabu.

TUNASEMA JUU YA PORI GANI?

Parki ya Taifa ni pori lililotengwa na Serikali na kuwekewa mipaka, ambamo watu hawana ruhusa kuwinda, kulima, kuchimba wala kujenga. Wakazi wengi wa mji wetu hudhani kwamba mambo ya parki ni mambo ya Kivu, kule kwenye milima ya moto. Sivyo. Mkoa wetu wa Tshopo una sehemu yake katika parki mbili kubwa.

Ya kwanza ni Maiko. Iliundwa mwaka 1970, nayo ina kilomita za mraba zaidi ya 10,000, zilizogawanyika kati ya Tshopo, Maniema na Kivu ya Kaskazini. Humo wamo okapi, gorila, tembo, na yule tausi wa Kongo ambaye hapatikani porini katika nchi nyingine yoyote.

Ya pili ni Lomami, iliyoundwa mwaka 2016 kati ya Tshopo na Maniema, yenye kilomita za mraba karibu 9,000. Katika misitu hiyo ya Lomami wataalamu walimwona kima ambaye vitabu vyao havikuwa na habari zake, wakamtangaza kwa ulimwengu mwaka 2012. Jina lake ni lesula. Je, jina hilo lilitoka kwa nani? Lilitoka kwa wawindaji wa kule, waliomjua tangu zamani na kumwita hivyo. Wenye elimu ya Ulaya na Marekani walishangaa, mwanakijiji hakushangaa. Tukumbuke jambo hilo, maana tutalirudia.

NENO HILI LILIZALIWA LINI?

Jina "Leta" tulilipata kwa Wazungu, nalo neno "pori ni la Leta" tulilipata kwao pia. Siku ya 1 Julai 1885 watu wa mfalme Leopold II walitoa amri ya kwamba ardhi yote iliyo tupu ni mali ya Leta. Ilisemwa "tupu." Lakini ardhi tupu ni ipi? Kwa mtu aliyekuja na merikebu, ardhi isiyolimwa wala kujengwa ni tupu. Kwa mtu wa msitu si tupu hata kidogo. Hapo ndipo anapopata nyama, asali, viwavi vya kula, dawa, kamba, na majani ya kuezekea nyumba. Hapo pana shamba la zamani linalopumzishwa ili udongo upate nguvu tena. Hapo pana makaburi ya wazee wake. Vyote hivyo, kwa mstari mmoja wa kalamu, vikawa vya Leta. Yaliyofuata wakati wa mpira babu zetu waliyasimulia, hatuna haja ya kuyarudia.

Mwaka 1925 ikaundwa parki ya Albert, ndiyo leo Virunga, parki ya kwanza ya Taifa katika Afrika. Kusudi la kulinda gorila na milima lilikuwa jema. Lakini njia ilikuwa ile ile: mpaka ulichorwa, na aliyekutwa ndani yake akawa mgeni katika nchi ya babu zake.

Halafu uhuru ukaja. Je, neno la 1885 lilitupwa? Halikutupwa. Bulamatari alikwenda zake, kofia yake ikabaki imetundikwa msumarini, na waliokuja nyuma yake wakaivaa. Mwaka 1966 ilitoka sheria inayoitwa ya Bakajika, na tarehe 20 Julai 1973 ikatoka sheria kubwa ya ardhi, isemayo kwamba ardhi ni mali ya Leta peke yake, milele, wala haiwezi kuuzwa. Tuwe wa haki: waliotunga sheria hizo walikuwa na sababu njema. Walitaka kuzirudisha kwa taifa ardhi zilizokuwa mikononi mwa makampuni ya kigeni. Lakini tazameni yaliyompata mtu wa kijiji. Juu ya ardhi anayoikaa kwa desturi ya ukoo wake, sheria ya 1973 iliahidi kwamba Rais atatoa amri ya kueleza haki zake. Miaka zaidi ya arobaini ilipita, na amri hiyo haikutoka. Huyo mtu akabaki kama mpangaji asiye na hati, katika nyumba aliyoijenga mwenyewe.

EKLEZIA YAFUNDISHA NINI?

Mkristu hapimi mambo kwa sheria za wanadamu tu. Mafundisho ya Eklezia juu ya mali yako wazi, na yafaa tuyajue.

Baba Mtakatifu Leo XIII, katika barua yake kubwa ya mwaka 1891 juu ya wafanyakazi, alifundisha kwamba mtu anayeitunza ardhi kwa jasho lake anapata haki juu yake, na kwamba Serikali haina ruhusa kuimeza jamaa na mali yake. Papa Pio XI, mwaka 1931, aliongeza fundisho jingine: kazi ambayo kundi dogo laweza kuifanya lenyewe, kundi kubwa lisiinyang'anye. Mkubwa amsaidie mdogo, asimle. Mtaguso wa pili wa Vatikano, mwaka 1965, ulitukumbusha kwamba Mungu aliviumba vitu vya dunia kwa faida ya watu wote. Na Papa Fransisko, mwaka 2015, katika barua yake juu ya kuitunza dunia iliyo nyumba yetu sote, alionya kwamba mipango mikubwa ikigusa nchi ya watu wenyeji, hao ndio wa kwanza wa kuzungumza nao.

Tukiyaweka pamoja mafundisho hayo twaona nini? Twaona kwamba mwenye pori hasa ni Mungu. Leta si mwenyewe. Sultani si mwenyewe. Tajiri si mwenyewe. Hata kijiji si mwenyewe kwa namna ya kuweza kulimaliza, maana watoto wasiozaliwa bado nao wana sehemu yao. Wote ni mawakili. Tofauti iliyopo ni hii: wakili aliye karibu huona kwa macho, na wakili aliye mbali huona kwa karatasi. Serikali inayofuata haki huwaweka hao wawili kazini pamoja. Isiyofuata haki humfukuza wa karibu, halafu wa mbali asije.

WAKILI NA ATOE HESABU

Katika Injili Bwana wetu anasimulia habari ya tajiri aliyemwita wakili wake atoe hesabu ya kazi. Sisi nasi tuombe hesabu, bila matusi, lakini bila woga pia.

Hesabu ya kwanza ni ya Maiko. Parki hiyo iliundwa wakati wapiganaji wa Simba, waliokimbilia msituni baada ya vita vya 1964, walikuwa bado wamo. Miaka mingi walikaa humo, wakachimba na kuwinda, nao wana wao baada yao. Wachimbaji wa dhahabu na almasi wakaingia. Kwa muda mrefu parki ya Maiko ilikuwa parki hasa katika ramani ya Kinshasa. Mwanakijiji mnyofu alikatazwa kuingia. Mwenye bunduki aliingia apendavyo. Katazo linalomfunga mnyofu tu halilindi kitu.

Hesabu ya pili ni ya Kahuzi-Biega, katika Kivu ya Kusini. Parki hiyo iliundwa mwaka 1970 na kupanuliwa mwaka 1975. Batwa waliokuwa wakiishi humo walifukuzwa bila fidia. Hawakuulizwa, hawakupewa ardhi nyingine. Hata lile shamba jingine ambalo Ahabu alimwahidi Naboti, wao hawakuahidiwa. Miaka mingi walikaa pembeni mwa mashamba ya wengine, katika umaskini na magonjwa, wakipeleka mashtaka yao huku na huku. Mwishowe Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu iliamua kwamba Serikali ya Kongo ilivunja haki zao, na uamuzi huo ulitangazwa mwaka 2024. Nusu karne ilipita! Mtoto aliyebebwa mgongoni siku ya kufukuzwa, akiwa hai, sasa ana mvi.

Hesabu ya tatu ndiyo inayotutia wasiwasi zaidi. Mwezi wa Julai 2022 Serikali ilitangaza mnada wa sehemu 27 za kutafuta mafuta ya petroli. Baadhi ya sehemu hizo ziliingia ndani ya mapori yanayolindwa, hata Virunga. Mnada huo ulifutwa Oktoba 2024, nasi twashukuru. Lakini tufikiri kidogo. Mkono uliomkamata mama aliyeokota kuni ndani ya mpaka ni mkono ule ule uliotaka kuwafungulia mlango wenye mitambo ya kuchimba. Hapo ndipo ubaya wa neno "pori ni la Leta peke yake" unapoonekana. Watu wanadhani neno hilo linalilinda pori. Kumbe mwenye mali aliye peke yake ndiye awezaye kuiuza peke yake. Kama kijiji kingekuwa na sehemu yake kwa sheria, mnunuzi angelazimika kubisha hodi milango miwili.

Katika hesabu hii tusiwasahau walinzi wa parki. Hao ni watoto wetu, wengi wao waume na baba wa jamaa. Tarehe 24 Aprili 2020, karibu na Rumangabo katika Virunga, watu 17 waliuawa kwa siku moja, na wengi wao walikuwa walinzi. Twawaombea. Lakini twauliza pia: mlinzi aliyezungukwa na vijiji vinavyomchukia atalinda nini? Bunduki yake yaona mbele tu. Kijiji kinachompenda kingemwonya usiku kwamba majambazi wamepita. Tunapomfanya mlinzi kuwa adui wa kijiji, twamwacha peke yake mbele ya risasi.

MAJIBU KWA WANAOPINGA

Mwingine atasema: "Mkiwapa watu wa vijiji usemi, watawamaliza wanyama kwa mwaka mmoja. Hawajui kutunza."

Ndugu yangu, nenda kwenye maporomoko yetu hapa mjini ukawatazame Wagenia. Walikuwapo kabla Stanley hajafika mwaka 1877, na hata leo wapo. Kila ukoo una mahali pake pa kusimika miti na kutega vikapu, nayo haki hiyo hurithiwa. Mtu hategi mahali pa mwenzake. Mti ukivunjwa na maji, wenye mahali pale hukutana kuusimika upya. Hakuna waziri aliyeandika sheria hiyo, wala hakuna askari anayeilinda. Wanailinda wenyewe kwa sababu kila mmoja anajua: nikiharibu, watoto wangu watalala njaa. Mtu hutunza kilicho chake, na cha kunyang'anywa hukitunza nani? Kijiji kilichoambiwa "hiki si chako tena" huona afadhali kuwahi kuwinda kabla mwingine hajawinda. Na huyo kima lesula, aliyekuwa amefichika kwa wataalamu hadi karne hii, ni nani waliokuwa wakikaa naye karne zote hizo asimalizike?

Twakubali kwamba siku za leo si za zamani. Watu wameongezeka, bunduki zimeongezeka, na njia za kuuza nyama ni nyingi. Ndiyo sababu twasema Serikali ibaki. Kijiji peke yake hakiwezi kumfukuza mwenye silaha za vita. Hilo ni la mkubwa, na mkubwa alifanye.

Mwingine atasema: "Basi, Leta imeshindwa. Wapewe mashirika ya wageni, wao wana fedha."

Mashirika hayo yamekwisha fika. Garamba imo mikononi mwa shirika la African Parks, kwa mapatano na Serikali, tangu mwaka 2005. Virunga, Salonga na Lomami nazo zina wasaidizi wao kutoka nje. Hatukatai wema waliofanya. Kule Garamba uwindaji wa tembo umepungua sana, na walinzi hupata mshahara wao kwa wakati. Anayemtukana mgeni aliyekuja kuzima moto wa nyumba yako hana akili. Lakini tazameni karatasi ya mapatano: ina sahihi mbili, ya Serikali na ya mgeni. Sahihi ya tatu, ya wale wanaolala ukingoni mwa pori, haimo. Zamani mtu wa Opala alikuwa na bwana mmoja wa mbali, sasa anao wawili. Na mgeni, hata awe mwema, siku fedha za wafadhili wake zikikauka atafunga sanduku na kwenda kwao. Nani atabaki? Atabaki yule yule ambaye hakuulizwa.

Wa tatu atasema kwa hasira: "Basi parki zote zifutwe, kila mtu achukue kipande chake."

Huyo naye twamkatalia. Tumeona hapa kwetu matunda ya ardhi kugawanywa bila utaratibu. Tangu Februari 2023, ng'ambo ya mto kule Lubunga, Wambole na Walengola, watu waliooana na kusali pamoja, waliuana kwa ajili ya ardhi. Chanzo chake kilikuwa ardhi iliyotolewa kwa kampuni moja, na ugomvi wa kwamba ni nani mwenye haki ya kuitoa. Mamia walikufa, na maelfu walikimbia, wengi wakavuka hadi mjini bila chungu wala mkeka. Tuliwaona kwa macho yetu. Hiyo ndiyo hatari ya kutia muhuri huko juu kabla wenye kukaa hapo hawajaketi barzani wakasikilizana. Kama ardhi ya shamba tu ilileta vilio hivyo, mapori yenye dhahabu na pembe yataleta nini? Kwa hiyo mipaka iwepo, na sheria iwepo. Twachotaka ni kwamba mpaka uwekwe na wote wanaohusika, upate kuheshimiwa na wote.

TWAOMBA NINI BASI?

Hatuombi muujiza. Twaomba mambo manne, nayo mengine yamekwisha andikwa katika sheria za nchi.

Kwanza, kijiji kiulizwe kabla, si baada. Sheria ya kulinda viumbe ya Februari 2014 yataka wenyeji washauriwe kabla ya parki mpya kuundwa. Kabla ya kuundwa Lomami vijiji vilishauriwa kwa miaka, mipaka ikazungumzwa nao. Hapakosekani malalamiko huko, lakini mwanzo ulikuwa bora kuliko wa 1970, na yafaa kuufuata na kuukamilisha.

Pili, ukingoni mwa parki kila kijiji kipate msitu wake wenye hati. Amri ya Agosti 2014 yaruhusu kijiji kupewa msitu wake wa desturi, hata hektari 50,000, kuutunza na kuutumia kwa kanuni. Katika Tshopo vijiji kadhaa vimekwisha pata hati hizo, hata huko Bafwasende. Mtu mwenye msitu wake hana haja ya kuiba katika msitu wa jirani. Wazee wa vijiji na wasomi wa parokia washirikiane kuandika barua hizo za maombi, maana wengi hawajui kwamba haki hiyo ipo.

Tatu, fedha zigawanywe kwa sheria. Majirani wametutangulia. Katika Uganda, sheria ya 1996 iliamuru kwamba asilimia 20 ya ada za kuingia parki zirudi kwa serikali za mitaa zinazopakana nayo. Rwanda ilianza mwaka 2005 kwa asilimia 5 ya mapato ya watalii, na mwaka 2017 ikafikisha asilimia 10. Fedha hizo hujenga shule, zahanati na visima. Mtu wa kule akimwona gorila humkumbuka mwalimu wa mwanawe. Mtu wa kwetu akimwona gorila hukumbuka gereza.

Nne, katika baraza linaloongoza kila parki wawemo watu waliochaguliwa na vijiji, wanaume na wanawake, na wenyeji wa msitu, Wambuti na Batwa, ambao sheria ya Julai 2022 imetaja haki zao. Wawe na kura, wasiwe na viti vya kupigia makofi. Wakitoa usemi wao, uandikwe na ujibiwe.

NASI TUJIPIGE KIFUA

Tungekuwa wanafiki kama tungeilaumu Serikali tu. Tuje sasa mezani kwetu.

Nyama ya pori inayoletwa sokoni hapa Kisangani, kwa barabara ya Ituri, ya Ubundu, ya Opala, kwa baiskeli na kwa mitumbwi, nani huinunua? Siyo mwanakijiji, yeye huiuza ili apate chumvi, sabuni na karo ya shule. Tunaonunua ni sisi wa mjini, na mara nyingi ni kwa ajili ya sifa, arusi ionekane kubwa. Mboloko na panya wa msituni ni chakula cha wazee wetu, wala hatumlaumu mtu kwa hao. Lakini anayenunua mkono wa bonobo, au nyama ya okapi, au magamba ya kakakuona, anamlipa yule anayekula urithi wa watoto wake. Asije kanisani kulalamika kwamba Leta hailindi pori.

Na wale kati yetu walio na kazi ya Serikali, kwenye vizuizi vya barabara, kwenye bandari, kwenye ofisi za vibali, wao hasa nawataka wamkumbuke Mwenye Heri Floribert Bwana Chui. Alikuwa kijana wa Goma mwenye kazi ya kukagua vyakula mpakani. Walitaka kumpa rushwa apitishe chakula kilichooza, akakataa, maana kingewaua watu. Wakamteka na kumwua Julai 2007, akiwa na umri wa miaka 26. Tarehe 15 Juni 2025 Eklezia ilimtangaza Mwenye Heri katika Roma. Huyo ndiye wakili mwaminifu: kijana mwenye muhuri mkononi, aliyekataa kuutia mahali pa dhambi. Pembe na magamba hazitembei zenyewe toka msituni hadi ng'ambo. Kila safari moja ina mihuri kadhaa, na nyuma ya kila muhuri yuko mtu, pengine mbatizwa.

MWISHO

Mwanzoni mwa mwaka 2025 Serikali ilitangaza mpango mkubwa kuliko yote: Ukanda wa Kijani toka Kivu hadi Kinshasa, wenye kilomita za mraba zaidi ya 500,000, unaofuata misitu ya mto wetu. Wanasema humo watu hawatafukuzwa, bali watalima, watafanya kazi na kutunza msitu. Tukisikia hivyo twafurahi. Lakini tumekwisha kusikia ahadi ya amri iliyosubiriwa zaidi ya miaka arobaini. Kwa hiyo tusingoje tuamshwe na vigingi vya mipaka. Kila parokia, kila jumuiya, kila sultani na kapita wake waulize sasa, kwa adabu na kwa maandishi: mpaka utapita wapi, nani ataketi barazani, fedha zitagawanywaje, na mashamba yetu yanayopumzika yatahesabiwa kuwa nini, mashamba au ardhi tupu?

Naboti hakuwa mwasi. Alimheshimu mfalme, akamjibu kwa maneno machache: hapana. Kosa la mji wake lilikuwa kwamba barua zilipofika, wazee walizisoma, wakaona muhuri, wakanyamaza. Hakuna hata mmoja aliyesimama kuuliza. Sisi wazee na vijana wa Tshopo, barua zikitufikia, tuzisome mpaka mwisho, na tuulize.

Mwenye Heri Floribert, utuombee.